Kiu ya Kupanda na Kiu ya Kushuka

Je, maji uliyoyachukua mgongoni mwako ni yako peke yako? Mjini swali hili halina uzito. Huko mfereji hufunguliwa na kufungwa kwa vidole viwili, na mtu aombaye maji ya kunywa hupewa pasipo mtoaji kujiona kuwa ametoa kitu. Lakini jambo lililo jepesi mjini laweza kuwa zito mlimani, na huwa zito kupita kiasi katika mlima usio na chemchemi wala kijito. Nakutaka, msomaji, ufuatane nami mpaka mahali panapolistahili swali hili, tukalipime huko.

Mahali penyewe pamo katika Bonde la Ufa, nchini Kenya. Mtu asimamaye Olkaria, kusini ya Ziwa Naivasha, husimama juu ya moto uliofunikwa. Jina lenyewe ni la Kimasai, na maana yake ni ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Katika nchi hiyo ardhi hupumua: mvuke hutoka katika nyufa za miamba, na tangu mwaka 1981 mvuke uliofungwa katika mabomba umekuwa ukizungusha mitambo na kuleta umeme. Mtu huyo akigeuza uso wake mashariki ataona mlima mmoja uliojitenga, umesimama juu ya uwanda mkavu kama kisiwa kisimamavyo juu ya bahari. Huo ndio Longonot. Ulizaliwa na moto, ukajengwa kwa majivu na mawe yaliyotapikwa na volkano, na inasadikiwa kwamba mara ya mwisho kutapika ilikuwa katika miaka ya 1860. Kilele chake cha juu kabisa kina kimo cha meta 2,776 kutoka usawa wa bahari, nacho huitwa Kilele Ngamia. Aliyekipa jina hilo alikuwa na macho mazuri, au alikuwa na kiu. Maana ngamia husifiwa kwa kuchukua maji katika nundu yake, ingawa nundu hiyo, kwa kweli, imejaa mafuta.

Safari ya kukipanda si ndefu kwa hesabu ya kilometa. Kutoka langoni mwa mbuga mpaka ukingo wa kasoko, yaani lile shimo kubwa lililo kinywa cha volkano, ni kilometa tatu na kidogo. Kuuzunguka ukingo wote ni kilometa saba na kidogo, na Kilele Ngamia kimo katika mzunguko huo. Kisha kurudi ni kwa njia ile ile. Mwenye miguu imara huimaliza kazi hii kwa nusu siku. Walakini sehemu kubwa ya njia ni majivu na changarawe. Mguu hupanda hatua nzima ukarudi nusu yake. Vivuli ni vichache, vumbi ni jingi, na maji hayako. Mvua inyeshayo juu ya mlima ule hunywewa mara moja na majivu na mawe yenye matundu, ikapotelea chini. Kila tone litakaloingia kinywani mwa mpandaji lazima litoke langoni, juu ya bega la mtu.

Tena mlima huu una mzaha wake. Mpandaji afikapo ukingoni huona mambo mawili kwa pamoja. Ndani ya kasoko, chini sana, huona msitu uliositawi kana kwamba haujapata kusikia habari ya ukame. Nje, upande wa kaskazini na magharibi, huona Ziwa Naivasha limetandazwa likimetameta. Ziwa hilo ni la maji baridi, jambo la ajabu katika bonde ambalo maziwa yake mengi ni ya magadi. Sababu ni kwamba maji yake huvuja chini kwa chini na kuondoka na chumvi yake, na baadhi ya maji hayo huingia katika miamba ya moto ya Olkaria na kurudi juu yakiwa mvuke. Basi mwenye kiu aliye ukingoni hujaza macho yake maji, naye hana la kutia kinywani.

Sasa tuweke mfano. Wanafunzi wawili, marafiki, wamepanda pamoja. Langoni waliambiwa wachukue maji ya kutosha. Mmoja alichukua lita tatu, akazibeba bila ya kunung'unika. Wa pili alichukua chupa moja ndogo, akainywa yote kabla hawajafika nusu ya mteremko. Sababu tusiiulize kwanza: pengine ni uvivu, pengine ni ugeni, pengine fedha yake ilitosha chupa moja tu. Wamefika ukingoni saa sita mchana, jua li utosini. Midomo ya yule wa pili imekauka na kichwa chamzunguka. Katika mkoba wa yule wa kwanza yamesalia maji yatoshayo ama kumfikisha mmoja Kilele Ngamia na kumrudisha langoni, ama kuwashusha wote wawili salama. Hayatoshi kuwafikisha wote wawili kileleni. Mwenye maji afanye nini?

Najua jibu lililokujia kwanza, msomaji, nami nakusihi uliweke kando kwa muda. Umesema moyoni, "Awape wote, kwa kuwa wema ni kugawa." Jibu hilo ni zuri, lakini limekuja upesi mno, na jibu lijalo upesi aghalabu halijaiona gharama yake. Hebu msikilize kwanza mwenye maji.

Yeye atasema hivi: "Mchumia juani hulia kivulini. Lita tatu zina uzito wa kilo tatu. Kila hatua ya kupanda ukanda wa mkoba ulinikata bega, na mwenzangu alikuwa akiruka mbele yangu kama paa, mikono mitupu, akinicheka kwa uzito wangu. Sasa mnataka tugawane sawa. Nikifanya hivyo, taabu yangu imelipwa nini, na uzembe wake umeadhibiwa kwa kipi? Kesho nani atachukua maji, ikiwa asiyechukua hunywa sawa na aliyechukua?" Maneno haya hayana choyo kama yanavyosikika. Katika kila kazi ya watu wengi, iwe shamba, iwe chama cha ushirika, iwe bweni la shule, liko swali hili la mtu achumaye na mtu alaye tu. Na jumuiya isiyolijibu huishia kuwa na walaji wengi na wachumaji wachache. Katika Injili ya Mathayo uko mfano wa wanawali kumi, ambamo watano wenye busara waliwakatalia mafuta ya taa watano wapumbavu, wala hawakulaumiwa. Ama, utanijibu kwamba hakuna mtu afaye kwa kukosa mafuta ya taa. Jibu lako ni jema kuliko unavyodhani, nasi tutalirudia.

Na yule wa pili atasema nini, kama ulimi wake unaweza kusema? Atasema kwamba adhabu haina budi kulingana na kosa. Kusahau chupa ni kosa dogo. Kuzimia katika njia ya majivu, mahali ambapo nyati na twiga hupita na daktari hapiti, ni adhabu kubwa. Hapana hakimu duniani awezaye kutoa hukumu kama ile kwa kosa kama lile. Basi mwenzake, ambaye si hakimu, ana mamlaka gani ya kuitoa kwa kuufunga mkoba wake tu? Haya nayo ni maneno ya kweli.

Tumekwama, basi, kati ya kweli mbili. Wengi wakifika hapa huchagua upande kwa tabia yao: mkarimu huchagua kugawa, mkali huchagua kunyima, na kila mmoja humwona mwenziwe mpungufu wa utu au wa akili. Mimi naona kwamba kosa limo katika neno moja. Pande zote mbili zinasema "maji" kana kwamba maji yaliyo katika mkoba ni kitu kimoja. Sivyo. Ni vitu viwili vilivyotiwa katika chupa moja.

Watu wa nchi kavu walilijua jambo hili zamani. Tazama visima virefu vya Waborana, kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Ni mashimo yenye kina kirefu hata wanaume husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo na kuimba, ili maji yafike juu. Kuyanywesha mang'ombe kuna zamu, na yuko mtu maalumu wa kuisimamia zamu hiyo; aliyechimba ana haki yake, mgeni ana nafasi yake nyuma, na anayevunja utaratibu hushitakiwa. Lakini msafiri mwenye kiu yeye mwenyewe hapangwi katika zamu. Hunywa, akaenda zake. Nenda sasa kwa wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambao hawakujifunza kwa Waborana: nao wametenga haki ya kunywa na haki ya kumwagilia shamba. Mwenye kisima hawezi kumnyima mtu wala mnyama wake mwenye kiu, lakini aweza kumzuia atakaye kuyaelekeza maji yale shambani mwake. Hata karibu na Longonot, katika milima ya Suswa na Eburru, wako watu ambao huupoza mvuke wa ardhi katika mabomba mpaka ukawa maji ya kunywa, tone baada ya tone. Watu wapatao maji kwa matone huijua bei yake kuliko sisi wa mfereji, na bado mgeni mwenye kiu hawamfukuzi.

Ona jinsi watu waliotengana kwa lugha na kwa dini walivyoikata kamba mahali pamoja. Kiu ya uhai ina haki yake. Haja ya kuongeza mali, iwe ng'ombe au mavuno, ina haki nyingine, nayo hufuata jasho, zamu na mapatano. Maji ni yale yale; haja ndizo zilizo mbili.

Sasa turudi ukingoni mwa kasoko, ambako tumewaacha vijana wetu juani. Maji ya kushukia ni maji ya kiu. Maji ya kupandia kileleni ni maji ya shamba. Kijana asiye na maji akisema, "Nipe maji nishuke," hasemi ombi. Anadai haki, na mwenye mkoba hana ruhusa ya kumnyima, hata kama ukanda ulimkata bega kutoka langoni. Lakini akisema, "Nipe maji nami nifike Kilele Ngamia," hilo ni ombi tupu. Mwenzake aweza kulikataa bila ya dhambi na bila ya aibu, kwa kuwa hakuna mtu afaye kwa kutofika kileleni. Hapa ndipo lile jibu lako juu ya mafuta ya taa linapopata mahali pake. Mzembe amekwisha kuadhibiwa kwa kadiri ya kosa lake: amekosa kilele. Zaidi ya hapo asidaiwe.

Sitakuficha kwamba kanuni hii ina mwiba. Tuseme kundi ni kubwa, na yuko mwingine ashukaye. Basi mwenye maji ampe mwenzake ya kushukia, amkabidhi kwa huyo, naye aendelee na safari yake kwa moyo mweupe ikiwa yaliyobaki yamtosha. Lakini vijana wetu ni wawili tu. Maji peke yake hayamshushi mtu ambaye magoti yanamtetemeka. Anahitaji bega pia. Kwa hiyo mwenye maji, aliyefanya kila jambo ipasavyo, atageuka nyuma na kukikosa kilele kwa kosa lisilo lake. Je, hiyo ni haki? La, si haki. Amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni rafiki yake, si mlima wala sheria ya kiu. Nalichukia fundisho lile linalomwambia mtu wa namna hii afurahi, aone kwamba hakupoteza kitu. Amepoteza. Alijiandaa, alitamani, alichukua uzito, na amerudishwa umbali mdogo kutoka kwenye shabaha yake. Mwacheni ahuzunike. Analotakiwa kutolifanya ni moja tu, yaani kuitoa hasara yake katika uhai wa mwenzake. Deni liko, nalo lilipwe kwa namna nyingine: mdeni abebe mkoba siku nyingine, alipe nauli ya safari ya pili akiwa na uwezo, na kwa vyovyote asiitwe shujaa wa hadithi ya siku ile atakapoisimulia.

Tena kurudi nyuma hakuna ila tunayokupa. Katika mbuga ya Hell's Gate, jirani kabisa na Olkaria, uko mnara wa jiwe wenye kimo cha meta 25 hivi. Una hadithi mbili, na zote ni za mtu aliyegeuka. Wamasai husimulia juu ya bibi arusi aliyekatazwa kutazama nyuma alipoiacha nyumba ya baba yake. Akageuka, akawa jiwe. Ramani, kwa upande wake, huuita mnara wa Fischer, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika Naivasha mwaka 1883, akazuiwa na Wamasai, akarudi alikotoka. Hadithi ya kwanza yamwadhibu aliyegeuka; ya pili imempa aliyegeuka jiwe lizidilo kimo cha nyumba nyingi. Mimi sichagui kati yao, ila nasema jiwe moja laweza kuchukua maana zote mbili, na kwamba mlima usiopandwa leo hauhami. Olkaria yenyewe ilitobolewa mara ya kwanza mwaka 1956, visima vikaachwa kwa kuwa havikuleta faida. Umeme ulikuja robo ya karne baadaye.

Yuko mtu wa tatu katika shauri hili ambaye hatukumtaja, naye hayupo mlimani. Mwaka 1934 msafara wa wataalamu ulioongozwa na Vivian Fuchs ulifika katika Ziwa Turkana, lililokuwa likiitwa Ziwa Rudolf. Wawili wao, Martin na Dyson, walivuka maji mpaka Kisiwa cha Kusini, kisiwa cha volkano, kikavu, kisicho na watu. Hawakurudi. Simtaji mtu yeyote kati yao kwa lawama. Upepo wa ziwa lile umewashinda mabaharia wengi. Nawataja kwa ajili ya wale waliobaki pwani wakitazama kisiwa siku baada ya siku. Kila aendaye mahali pakavu huacha pwani ya namna hiyo nyuma yake: mama jikoni, mwalimu langoni mwenye orodha ya majina mkononi. Maji ya kushukia ni yao pia. Anayeyanywa akipanda, kwa kutumaini kwamba atashuka kwa bahati, ametumia kitu ambacho si chake peke yake, hata kama alikibeba mwenyewe. Kwa hiyo hata mtu apandaye peke yake, asiye na mwenzi wa kugawana naye, hana ruhusa ya kukigeuza kiu cha kushuka kuwa cha kupanda.

Na kama utaniuliza shauri hili likatwe wapi, nitakujibu: langoni. Ukingoni akili haiko timamu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hii katika safari yake ya miaka ya 1883 na 1884, aliupanda Longonot, na katika kitabu chake alisimulia kwamba alipochungulia ndani ya kasoko alishikwa na hamu kubwa ya kujitupa. Ikiwa msafiri mzoefu aliyekuja kupima nchi aliweza kulevywa na kimo, utasemaje kijana mwenye kiu, anayeona kilele mbele yake na wenziwe wakimwita? Wazee walisema, "Mkamia maji hayanywi," nami naongeza kwamba mkamia kilele huyanywa yote. Basi semezaneni mkiwa bado kivulini. Kila mmoja afungue mkoba wake mbele ya wenziwe. Asiye na fedha ya chupa ya pili aseme hapo, ambapo kusema hakumwaibishi, na maji yake yanunuliwe na kundi zima. Maana umaskini si uzembe, na nilipowaacha wote wawili katika mfano mmoja nilifanya hivyo kwa ajili ya kiu tu, ambayo haiulizi sababu. Tengeni maji ya kushukia katika chupa zake, mzifunge, na mwenye kuzibeba asiwe yule mwenye tamaa kubwa ya kufika. Kadiri itakayobaki ndiyo ya kupandia. Ikiisha, mmefika.

Mtakaposhuka, vumbi likiwa mpaka magotini, askari wa lango au mwanafunzi wa kundi jingine atawauliza kama mlifika Kilele Ngamia. Mjibuni kwamba mlifika ukingoni. Akiwauliza sababu, aliyekosa maji na ajibu yeye.